Kijiko Chekundu kwenye Shurba

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Namlisha siku nzima hashibi, na nikimfunga mdomo ndipo anaponguruma."

Célestine alifikiri huku akigeuza soseji kwenye kikaango. "Cosmas," akasema.

"Nimesikia!" Cosmas, dereva wa foklifti ya kubebea mizigo, alikuwa ameegemea dirisha la kuchukulia chakula kama mtu aliyelipanga. "Mimi nashiba, Mama Célestine. Ni vile tu sahani zenu ni ndogo."

"Siye Cosmas. Nipe mji," akasema Bi Mwanabaraka.

"Nakupa Uvira."

"Uvira ulinipa jana. Sina haja ya miji iliyotumika."

"Basi twaa Lewisham, na hospitali yake na soko yake."

"Nimekwenda Lewisham, nikala, nikanywa, nikapanda basi mpaka mwisho wa njia na hakuna aliyenidai nauli. Jawabu ni mashine ya kuoshea vyombo."

Na kweli mashine ilikuwa ikinguruma pale pembeni, wakacheka wote watatu. Cosmas akaenda zake na chipsi zake.

Kantini yenyewe ni ya kiwanda cha mikate, upande wa Thamesmead huko kwa Waingereza, mahali ambapo hata ukifungwa kitambaa machoni utajua umefika kwa ile harufu ya ngano iliyoiva. Bi Mwanabaraka ndiye mpishi. Kwao ni Wete, Pemba, na ana wajukuu wanaomsikia Kiswahili vizuri lakini wanamjibu Kiingereza. Célestine ni msaidizi wake, mtu wa Uvira, Kongo, mama wa watoto wawili. Wanawake hawa wawili walikuwa wakipikiana mzaha tangu asubuhi hadi jioni, na ukiwasikia kwa mbali ungedhani wanagombana.

Ilikuwa Ramadhani. Sasa mpishi aliyefunga ana shida moja ambayo watu wengine hawaijui: chumvi. Wapo masheikh wanaoruhusu mtu aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, lakini Bi Mwanabaraka hakutaka maneno na ulimi wake. Kwao mama yake alikuwa akiita mtoto wa jirani, mdogo asiyefunga, aje aonje mchuzi. Hapa mtoto wa jirani alikuwa Célestine, mwenye miaka arobaini na ushee na msalaba mdogo shingoni. "Njoo unikopeshe ulimi," Bi Mwanabaraka humwambia, naye huja, huonja, husema kama munyu iko ya kutosha. Munyu ndiyo chumvi kwa watu wa kwao.

Jioni hiyo haikuwa jioni ya mzaha tu. Miaka yote waliofunga kwenye shifti ya jioni walikuwa wakifuturu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kila mtu na kikopo chake cha plastiki, wamekaa juu ya mabenchi katikati ya mabuti. Maalim Harith, mzee wa kwenye matanuri aliyewahi kufundisha chuo cha Kurani huko kwao, ndiye aliyekwenda kumwomba meneja mara baada ya mara, mpaka meneja akakubali: chungu kimoja cha futari kipikwe jikoni, watu wakae mezani kama watu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya chungu hicho. Bi Mwanabaraka alikuwa amepika shurba, ngano iliyopondwa na nyama ya mbuzi ya halali aliyoileta mwenyewe kutoka kwa mchinjaji, akaipika polepole mpaka ngano ikavunjika ikawa nzito.

Sheria ya jikoni ilikuwa moja, na meneja Mahendra aliibandika ukutani: vijiko vyenye mpini mwekundu ni vya nguruwe, vyenye mpini wa kijani ni vya vingine vyote. Jiko la kushoto lilikuwa la soseji na bekoni. Jiko la kulia lilikuwa la shurba.

"Célestine, njoo unikopeshe ulimi," akaita Bi Mwanabaraka. Mikono yake ilikuwa imejaa unga wa kugandishia sambusa, na mgongo ameugeuzia jiko.

Célestine akaja. Kijiko kikagonga ukingo wa chungu. "Mama, munyu iko kidogo."

"Tia. Na ukoroge vizuri, isishike chini."

Akatia. Akakoroga mpaka chini. Akaonja tena. "Sasa iko muzuri. Wee mama! Hii ningekuwa mi nimefunga, ningefungua saa ile ile."

"Usinitamanishe, jua halijatua."

Célestine akarudi kwenye soseji zake akiimba wimbo wa kanisani. Bi Mwanabaraka akafuta mikono, akageuka apunguze moto.

Kijiko kilikuwa kimesimama katikati ya shurba, kimezama hadi nusu. Mpini wake ulikuwa mwekundu.

Alisimama. Akakitazama kama mtu anayetazama nyoka mlangoni, akingoja labda kitabadilika. Hakikubadilika. Juu ya ngano palielea duara la mafuta, na mafuta yale hayakuwa ya mbuzi. Alikuwa amekwisha kuyaengua ya mbuzi yote kwa mkono wake.

Akakitoa, akakifunga ndani ya kitambaa, akafunika chungu.

Mara mlango ukafunguka, akaingia Mahendra. Siku hiyo alikuwa amevaa tai. Simu iko mkononi, anataka picha ya futari ya kwanza, aipeleke ofisi kubwa.

"Inanukia vizuri, Mwana!" akasema kwa Kiingereza chake cha haraka. "Nifungue kidogo nipige picha?"

Mkono wa Bi Mwanabaraka ukakibana kifuniko. "Usifungue! Mvuke utatoka."

"Kidogo tu."

"Bwana Mahendra, chungu hiki ni mgeni. Hafunuliwi kabla watu hawajakaa."

Mahendra akacheka, akamtazama Célestine, kicheko kikapungua. Mwezi uliopita Célestine alimpa mtu wa kufungasha kipande cha keki ya karanga kutoka sinia lililoandikwa haina karanga, na mdomo wa yule mtu ukavimba. Alipona, lakini Mahendra alimwita Célestine ofisini akampa onyo la mwisho. Alisema hivi, na Bi Mwanabaraka alikuwepo akisikia: mtu mwingine yeyote akilalamika juu ya chakula ulichokigusa, siwezi kukuweka. Na kazi hii ndiyo iliyokuwa ikimshikia Célestine nyumba. Miaka ya nyuma alikuwa akisafisha maofisi kwa kuitwa na kuachwa, wiki ana kazi, wiki hana.

"Kila kitu sawa, Célestine?" akauliza Mahendra.

"Sawa kabisa, bosi."

Alipotoka, Bi Mwanabaraka akamshika Célestine mkono, akamvuta nyuma ya friji kubwa. Akafunua kitambaa.

Célestine alikitazama kijiko. Akatazama jiko lake la kushoto. Akatazama chungu. Soseji zikaanza kuungua, hakuna aliyezijali.

"Nilikuwa nacho mkononi," akasema. "Uliniita, nikaja nacho. Mama, nilikuja nacho tu."

"Najua."

"Nani ameona?"

"Mimi."

"Basi hakuna aliyeona!" Akamshika mabega. "Mama, ni kijiko. Ni mafuta kidogo. Watakula, watashukuru, wataenda kazini. Mungu hataona kama ni kosa lao."

"Lao siyo. Langu litakuwa."

"Basi tuimwage. Tuseme imetuanguka. Vyungu vinaangukaka kila siku."

Hilo Bi Mwanabaraka alilifikiria, tusiseme uongo. Wakakishika chungu huku na huku, kizito, moto, wakakinyanyua. Wakapiga hatua moja kuelekea sinki.

"Mnahama?" Cosmas alikuwa amerudi dirishani. "Ama mnaenda kukibatiza?"

Wakakirudisha jikoni kwa kishindo. Célestine akampa Cosmas soseji zilizoungua bila kumtazama, akazichukua, akanusa, akafungua mdomo aseme neno, akaona nyuso zao, akaufunga.

"Siwezi," akasema Bi Mwanabaraka kwa sauti ya chini Cosmas alipoondoka. "Nikisema imeanguka nitakuwa nimesema uongo nimefunga. Na hata kama sikufunga."

"Na mimi?"

"Wewe…"

"Mimi nitakwenda wapi, mama? Mwanangu Israël anaanza mitihani. Mwenye nyumba hangoji." Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sasa hasira ilikuwa imeingia. "Ulitaka ulimi wangu. Kila siku, Célestine njoo, Célestine onja. Hata siku moja hukunipa kijiko cha kuonjea. Hata siku moja! Unaniita kama mtoto, naja kama mtoto, kisha napigwa kama mtu mzima."

Ilikuwa kweli.

Ng'ambo ya dirisha la kuchukulia chakula watu walikuwa wamekwisha kaa. Maalim Harith alikuwa akigawa tende, moja moja, kama anagawa vyeti. Wengine walikuwa wameweka mabakuli tayari mbele yao, na kijana mmoja wa kwenye unga alikuwa amelala shavu juu ya meza, pua imeelekea jikoni. Wakasikia adhana kutoka kwenye simu ya Maalim.

Watu wakafungua kwa tende na maji. Bi Mwanabaraka akafungua na yeye, palepale, tende moja mkononi, jicho kwenye chungu. Sasa mdomo wake ulikuwa huru. Angeweza kuonja chochote jikoni humo isipokuwa kile alichokipika.

Kwa desturi yao hula kitu kidogo, wakaswali magharibi, ndipo wakarudi kwa chakula. Maalim Harith akatandika maturubai safi kwenye pembe, karibu na mashine ya vinywaji, watu wakapanga safu, wanawake nyuma. Kantini nzima ikanyamaza. Wanaume wasiofunga waliokuwa wakila chipsi wakapunguza sauti zao. Kilichosikika ni sauti ya Maalim na mashine ya vinywaji ikitetemeka.

"Wakimaliza wanakuja," akanong'ona Célestine.

"Wanakuja."

"Utasema?"

"Nitasema kijiko kimeingia."

"Na wakiuliza kijiko cha nani?"

Bi Mwanabaraka akaufunga mtandio wake upya, ingawa ulikuwa umefungwa vizuri. "Usiniulize sasa. Nikiuuliza moyo utakataa."

Wakatoa salamu. Wakanyanyuka. Maalim Harith alikuwa wa kwanza, bakuli mkononi, na nyuma yake Mahendra na simu yake imeinuliwa.

"Haya Bi Mwana," akasema Maalim. "Tumeinusa toka alasiri. Fungua, tukuombee dua."

Bi Mwanabaraka akaweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko.

"Nisameheni. Shurba hii hailiki. Kimeingia kijiko cha nguruwe."

Yule kijana wa kwenye unga akasema "Ya Allah!" kama mtu aliyepigwa. Mtu mwingine akaweka bakuli chini. Maalim Harith hakuweka lake.

"Kimeingia?" akasema. "Kijiko hakina miguu, Bi Mwana. Kimeingia chenyewe?"

"Mimi ndiye niliyeomba ionjwe. Na mimi sikutoa kijiko cha kuonjea. Hilo ni langu."

"Sikuuliza la kwako ni lipi. Nimeuliza nani alikitia."

Hapo ndipo lilipokuwa fundo la jambo. Bi Mwanabaraka alifungua mdomo, na mpaka leo hajui angesema nini, kwa sababu Célestine alikuwa amekwisha sogea mbele, mikono imeshika aproni.

"Ni mimi, baba. Mkono huu."

"Kuna nini?" akauliza Mahendra. Hajui Kiswahili hata neno. "Nani anaweza kuniambia kuna nini?"

Cosmas, ambaye hakuitwa, akainua kidole. "Bosi, supu ina tatizo dogo la dini."

"Dogo kiasi gani?"

"Kama kijiko kimoja."

Mahendra alikuwa mtu asiyekula nyama tangu kuzaliwa, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili habari ya kijiko kuingia pasipo pake. Akashusha simu. Akailegeza tai. "Célestine," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, na hiyo ndiyo iliyotisha zaidi. "Tuliongea mwezi uliopita."

"Ndiyo, bosi."

"Mtu akilalamika, jambo linakwenda juu. Si mimi tena." Akawageukia watu. "Kuna mtu analalamika?"

Wote wakamtazama Maalim Harith. Chungu kilikuwa chake. Maombi yalikuwa yake. Miaka ile yote kwenye mabenchi na mabuti ilikuwa yake.

Mzee aliigeuzageuza tende yake ya pili mkononi, haijaliwa. Kisha akamuuliza Bi Mwanabaraka, "Ulijua kabla hatujaswali?"

"Nilijua."

"Mbona sikukuona kwenye safu ya wanawake?"

"Nilikuwa nakilinda chungu. Asije mtu akachota."

Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Haya. Chungu hiki kioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Kioshwe kabla kengele ya kurudi kazini haijalia, na nikione. Kikitoharika, sina lalamiko. Kisipotoharika, nakwenda juu kwa miguu yangu mwenyewe. Cosmas, mwambie. Na usitie chumvi yako."

Cosmas akafasiri. Mahendra akasikiliza vizuri mpaka neno moja likamshika.

"Udongo?" akasema. "Udongo wa chini? Jikoni kwangu?"

"Mara moja tu, bosi. Zile sita ni maji."

"Udongo ukivuka mlango huu wa jikoni, nawafukuza wote wawili, na mkaguzi atanifukuza mimi!"

"Hautavuka," akasema Célestine. Alikuwa amekwisha chukua vitambaa vya kushikia moto. "Tutaosha nje."

Lakini chungu kilikuwa kimejaa. Hapo Cosmas akapata kazi aliyozaliwa kuifanya. Alipiga mluzi, wale wasiofunga wakaja na mabakuli, Célestine akawachotea haraka haraka, na shurba iliyopikwa siku nzima kwa ajili ya waliofunga ikaliwa na watu waliokwisha kula chipsi. Waliofunga walikaa upande wa pili na sambusa na mikate ya kiwanda, ile mikate wanayoiona kila siku mpaka wameichukia, wakitafuna taratibu na kutazama mvuke wa wenzao.

"Ni tamu?" akauliza yule kijana wa kwenye unga.

"Usiniulize, ndugu yangu," akasema Cosmas, mdomo umejaa. "Usijiumize."

Nje kulikuwa na baridi ya Machi, ile isiyo na theluji lakini inapenya kwenye kucha. Karibu na kibanda cha wavuta sigara palikuwa na kitalu kidogo cha maua, yameanza kutoa vichwa vya manjano. Célestine akapiga magoti kwenye saruji, Bi Mwanabaraka akamimina maji ya moto kwa jagi.

"Un," akasema Célestine. Kuhesabu kwake ni kwa Kifaransa.

Wakamwaga. Akamimina tena. "Deux." Mafuta yaliyoganda ukingoni yakaanza kuachia. Mara ya tatu Célestine akachimba udongo kwa vidole baina ya maua, akausugua ndani ya chungu, kwenye mishikio, chini, mpaka kikawa cheusi kama cha kuni. "Trois."

"Kwa nini udongo, mama?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuta ndivyo."

Wakasugua. Ndani, nyuma ya kioo, Maalim Harith alikuwa amesimama na kipande cha mkate mkononi, akiwatazama. Maji yakimwagika, alikuwa akikunja vidole.

"Ulikuwa unaweza kusema hujui ni nani," akasema Célestine. "Ningenyamaza."

"Na wewe ulikuwa unaweza kunyamaza."

"Hapana. Uliweka mikono miwili juu ya kifuniko. Nilikuona." Akamwaga. "Bado nakukasirikia, lakini."

"Kasirika. Maliza kwanza chungu."

"Quatre." "Cinq." "Six." Vidole vya Célestine vilikuwa vyekundu, vimevimba. Maji ya jagi yalikuwa yakikaribia kwisha. Bi Mwanabaraka akamimina yote yaliyobaki, Célestine akazungusha, akamwaga. "Sept!" Akakinyanyua chungu juu, kinang'aa chini ya taa ya ukutani, akamwonyesha mzee dirishani.

Maalim Harith akainua vidole. Vilikuwa sita.

"Saba!" akapiga kelele Bi Mwanabaraka. "Maalim, nimemimina mwenyewe!"

Mzee akafungua dirisha kidogo. "Ya kwanza na ya pili ni moja. Ya kwanza mafuta yalikuwa bado yameshika. Nimeyaona kutoka hapa."

"Maalim, maji yamekwisha!"

"Hiyo saba si mimi niliyeiweka."

Kengele ya onyo ikalia ndani, ile inayolia kabla ya kengele yenyewe. Watu wakaanza kuvaa kofia zao. Nyuma ya Maalim, Mahendra alikuwa akitazama saa yake na kisha akitazama pembeni. Bi Mwanabaraka akaukimbilia mlango, miguu yake ya uzee haikimbii, akateleza, akashika ukuta.

"Mama, acha, utaanguka!" Célestine alibaki amepiga magoti, chungu mapajani. Hakulia. Alimtazama tu yule mzee kupitia ule upenyo wa dirisha, na hakumwomba kitu.

Maalim Harith akaguna. Akaweka mkate mfukoni. Kisha akalisukuma dirisha mpaka mwisho, akatoa mkono nje, na mkononi ilikuwa chupa yake ya maji, ile aliyofuturia, imebaki zaidi ya nusu.

Célestine akainuka, akaipokea kwa mikono miwili. Akamimina, akazungusha maji taratibu mpaka ukingoni pande zote, asiache mahali, akayamwaga juu ya maua.

"Sept," akasema.

"Saba," akasema Maalim Harith, akafunga dirisha, kwa sababu baridi ilikuwa inaingia.